Kipoyi na Mafuta Mazuri ya Karanga

Mama rafiki yangu, weye unakaa kwa benchi ya nyuma na kikwembe ya kubebea mutoto kwa bega, na weye wa hapa mbele mwenye tulichota maji pamoja tangu usichana, leo nasimama mbele yenu bila woga. Habari yangu mulikuwa nayo zamani, na hakuna hata mumoja alinicheka mbele ya bantu. Mulinicheka kwenu nyumbani. Hiyo nilisamehe.

Juma iliyopita bibi mumoja kijana alinishika mukono kwa mulango ya kanisa. «Mama, muntu mwenye anafanya rejime ya kupunguza mwili, anaweza kula karanga ya kusaga? Eti ni mafuta mazuri.»

Sikumujibu ndiyo, sikumujibu hapana. Nilimuambia angoje leo. Jibu yake iko na kiti ndani, iko na mulima, iko na mizani ya pamba. Mukae muzuri.

Munajua vile nilikuwa. Kwetu hapa Kavimvira mama munene ni heshima. Akipita sokoni, bantu banasema bwana yake anafanya kazi. Bwana yangu ni seremala, na kila mara niliongezeka, yeye alitembea kifua mbele, kama ni yeye alinichonga.

Uhuru ilipofika, tulicheza mpaka viatu bikapasuka. Shemeji yangu, ndugu mudogo wa bwana yangu, alipanda juu ya meza akapaza sauti: «Tangu leo hakuna muntu atabebwa tena kwa mabega ya muntu!» Munakumbuka sababu. Baba zetu balibeba bazungu mu kipoyi, ile kiti ya kufunga kwa miti mbili, banaume bane chini, bwana mukubwa juu na kofia yake. Tulipiga makofi mpaka mikono ikawaka. Minye njo nilipiga kupita bote.

Sasa musikie vile Mungu anachekaka.

Rebelio, ile vita ya kupinga serikali, ikaja. Asubuhi moja tulisikia bunduki upande wa chini, na bantu bote bakashika njia ya mulima. Kila muntu na muzigo yake: huyu mukeka, huyu kuku, huyu sufuria. Minye nilibeba Biblia na mwili yangu. Hiyo mwili ilitosha. Kwa kilima ya kwanza magoti ikakataa. Nilikaa juu ya jiwe, nikasema, «Baba batoto, mwende. Minye nitabakia hapa na Bwana.»

Bwana yangu alisema, «Bwana hakukuomba hiyo.» Akarudi mbio nyumbani, akaleta kiti yangu ya kulia chakula, ile ya mikono, akafunga miti mbili kwa kamba. Nilipoona vile kiti ile inakuwa, roho yangu ikaanguka.

«Hapana,» nikasema. «Kipoyi hapana.»

«Basi jiwe?» akauliza.

Nikapanda.

Banaume bane balininyanyua. Shemeji alikuwa mbele, kushoto, na mudomo yake ndiyo ilikuwa na nguvu kupita bega yake. «Heee! Uhuru tulipata, sasa tunabeba mukoloni mweusi!» Batoto ya njiani balisimama mustari moja, bakaweka mukono kwa kichwa: «Bonjour, Bwana Mukubwa!» Mama mumoja mwenye mbuzi akauliza kama nimekuja kukusanya kodi. Nilicheka pamoja nabo. Ndugu zangu, nabaambia, kuna kucheka ya kufunika machozi kama vile tunafunikaka sufuria na sahani.

Lakini hiyo haikuniumiza sana. Kuchekwa, nimezoea. Kyenye kiliniumiza kilikuja mangaribi, kule juu. Tulikaa chini ya miti, baridi inakata, moto inawaka, na juu ya moto maji tupu. Mutoto wa jirani yangu, kadogo hivi, akauliza mama yake, «Unga iko wapi?»

Mama yake akamujibu polepole, hakujua minye nasikia: «Ilibakia. Tulibeba mama.»

Basi. Bale banaume bane balipashwa kubeba mifuko ya unga. Mabega yabo ilibeba minye. Batoto bakalala na maji ya moto mu tumbo. Hakuna muntu alinisema neno. Hata shemeji alinyamaza, na mukimujua shemeji, mutajua hiyo ilikuwa musiba.

Nikamuambia Mungu: Baba, tukikimbia tena, minye nitapanda na miguu yangu.

Bunduki ikatulia, tukashuka. Siku ya kwanza ya dispansere kufunguliwa nilikuwa mbele kwa mustari. Muganga, kijana mupole wa kule juu mulimani kwenye banafugaka ngombe, aliangalia magoti yangu, akafinya huku na huku. «Mama, magoti haiko mugonjwa. Imechoka kukubeba. Mufanye rejime. Mupunguze mafuta.»

«Mawese?»

«Mawese mupunguze sana.»

«Na samaki ya ndagala, ya kukaanga?»

«Muchemushe.»

Nikaona maisha yangu inakwisha pale. Nikamuuliza na sauti ya muntu anaomba maji: «Na karanga ya kusaga?»

Akasema, «Karanga? Karanga iko na mafuta mazuri…»

Ndugu zangu, nilisimama. Ile magoti yenye imechoka ilisimama yenyewe! Nikasema aksanti sana muganga, Mungu akubariki, nikatoka. Nyuma yangu nilisikia anaita, «Mama! Mama, mungoje!» Nilifikiri anataka kuniombea.

Mawese niliacha. Munishuhudie, niliacha kabisa. Niligawia jirani chupa nzima. Ndagala nilichemusha, ikakaa kama inanilaumu. Lakini karanga! Nilikaanga, nilisaga mu kinu mpaka inatoa mafuta yake na kungaa. Niliweka mu mboga ya sombe, niliweka mu ya lengalenga, niliweka mu uji ya asubuhi. Muhogo nilichovya. Ndizi nilipaka. Na vile nilisaga minye mwenyewe, nililamba muchi, nililamba kinu, nililamba mukono. Kulamba sikuhesabu ni kula. Nani anahesabuka?

Shemeji alipita akaniona. «Shemeji, hii ni rejime ao ni harusi?»

«Ni mafuta mazuri,» nikamuambia. «Muganga alisema. Weye ulisoma wapi?»

Minye nilikuwa nasoma masomo ya mangaribi na bamama wenzangu, na siku ile mwalimu alitufundisha vitamini. Nikanyoosha mukono. Nikasimama mbele ya ubao, nikafundisha masomo yote ya karanga, mwalimu akakaa kwa benchi. Kutoka pale, bamama ya koro, benye tunaimbaka nabo kanisani, bakanifuata. «Mama, siye pia tupunguze?» Nikabaambia mupunguze, mule karanga bila hofu. Tulipunguza pamoja kila siku, na kinu tatu.

Munakumbuka ile siku benchi ya koro ilivunjika katikati ya wimbo wa pili? Bwana yangu ndiye aliitengeneza. Alikuja kuiangalia, akapima mbao na kidole, akaangalia shingo zetu. «Mbao ni nzuri,» akasema. 

Lakini minye siko muntu wa kuachilia. Shemeji alikuwa anasema kila mahali nimeongezeka. Nikamuambia: twende Luberizi, kwa magazini ya kuwekea pamba, tupime. Kule mizani iko, yenye inapima magunia ya bakulima. Kabla ya kuanza rejime nilipimwa pale pale, na karani alichora alama na chaki mahali mushale ulisimama. Alama ilikuwa ingali.

Siku ile ilikuwa ya kuuza pamba. Bantu bamejaa. Nikatoa viatu, nikatoa kitambaa ya kichwa, nikaomba kimoyomoyo, nikapanda juu.

Mushale ukatembea. Ukafika kwa chaki. Ukasalimia chaki. Ukapita.

Karani akazunguka mizani, akaangalia kama hakuna muntu anakanyaga. Munajua kuna bakulima banamwangaka maji kwa pamba ipate kulemea. Akaniangalia na ile macho yake ya kukamata benye kuiba, akasema, «Mama, hii mumelowanisha?»

Magazini yote ikaanguka chini kwa kucheka. Kuna mwanaume mumoja alicheka mpaka akalalia gunia ya mwenzake. Shemeji alilia. Minye nilishuka, nikavaa viatu, na kutoka Luberizi mpaka dispansere sikusimama.

Nilifungua mulango ya muganga bila kupiga hodi. «Weye ulinidanganya!»

«Mama, karibu. Nilikudanganya nini?»

«Ulisema karanga iko na mafuta mazuri!»

«Nilisema. Na nikasema tena: lakini ni mafuta. Ile nusu ya pili mama alikuwa tayari njiani. Nilikufuata mpaka kwa uwanja na kalamu mukononi.»



Akaniuliza, «Unakula kiasi gani?»

«Kijiko moja asubuhi, moja muchana, moja mangaribi. Sizidishi.»

«Kijiko gani?»

Kwa bahati ao kwa mupango wa Mungu, nilikuwa nayo mu kapu. Nikaitoa. Ilikuwa mwiko ya ugali.

Huyu kijana muheshimiwa, mwenye hajawahi kuonyesha meno mu kazi yake, alifunika uso na karatasi. Mabega ikamutingishika. Alipomaliza, alifuta macho, akatoa kijiko ya chai kwa kikombe yake, akaiweka mbele yangu. «Hii. Mara moja kwa siku. Na siku unakula karanga, kitu kingine kitoke: ndizi itoke, ao ugali ipungue. Karanga ni nzuri, mama. Inajaza, inakaa mu tumbo, haikuachi na njaa upesi. Lakini ikikuja juu ya bintu yote, inaongeza juu ya bintu yote. Na kinu, usilambe.»

Minye naielewa hivi: mafuta mazuri ni kama mugeni muzuri. Unamupenda, unamupa kiti. Lakini akikuja na bibi yake, na batoto yake, na ngombe yake, na kukaa mpaka mvua nyingine, hata kama ni muzuri namna gani, nyumba itajaa.

Sasa ile kazi ya kweli ikaanza, na hii sitaipamba. Nilikuwa na njaa. Niliomba Mungu atoe njaa, hakuitoa. Alinipa tu nguvu ya kufunika chungu. Nilipeleka kinu kwa jirani, nisage kwake, macho yake kwangu. Asubuhi nilitembea mpaka ile jiwe nilikaliaga. Nikapita jiwe. Nikafika kwa muti wa mbele. Mama mukwe alikuja akaniona, akaanza kulia: «Mutoto wangu amefilisika? Hakulishi tena?» Bwana yangu alipashwa kuapa mbele ya bazee kwamba anafanya kazi. Bamama ya koro nilibaendea mumoja mumoja, nyumba kwa nyumba, nikabapelekea nusu ya pili ya maneno ya muganga. Bengine balinifukuza na muchi mukononi. Polepole bakarudi.

Rebelio ilirudi kiangazi. Bunduki tena, mbio tena. Nikamukuta bwana yangu anashika kamba na kiti yangu, kwa mazoea.

«Wacha kiti yangu!» nikamupigia kelele. «Beba unga!»

Juu ya kichwa niliweka beseni ya karanga ya kusaga, ile nilitayarisha ya kuuza, nimeifunika na majani ya ndizi. Nikapanda. Nilipumzika, sitasema uongo. Nilipumzika mara nyingi. Lakini kila mara nilisimama peke yangu. Shemeji alikuwa nyuma na gunia ya unga, anapumua kama muvukuto wa muhunzi. «Shemeji,» akaniita, «ile kipoyi iko wapi? Leo minye njo nataka kukalia.»

«Kwani uhuru ilikwisha?» nikamujibu.

Tulifika juu. Na huko bazee bakasema: hakuna kuwasha moto, moshi itaonyesha kwenye tuko. Munaona? Mara ya kwanza moto iko, unga hakuna. Mara hii unga iko, moto hakuna. Batoto bakaanza kulia. Nikashusha beseni, nikafungua majani, nikatoa kijiko ya chai. Kijiko moja kwa kila mutoto, kisha bazee, kisha siye. Karanga haiombi moto. Tulilamba polepole, kila muntu na kipande ya muhogo mubichi, na ile usiku batoto balilala.

Ule mutoto wa jirani, sasa amekua kidogo, alilamba kijiko mpaka ikangaa. Akauliza mama yake, «Hii nani alibeba?»

Mama yake akaniangalia. Safari hii alijua nasikia. Akasema, «Mama alibeba.»

Ndugu zangu, nimebatizwa, nimeolewa, nimezaa. Hakuna maneno mawili yenye ilinifurahisha kupita haya.

Aksanti kwa bale banaume bane na mabega yabo. Mungu abarudishie ngozi yenye ilitoka. Aksanti kwa shemeji, hata kama mudomo yake inahitaji rejime yake. Aksanti kwa muganga, mwenye alimaliza maneno yake kwa muntu alimukimbia. Aksanti kwa bwana yangu: ile kiti ameifungua kamba, na leo iko mezani, naikalia, na haivunjiki.

Na weye bibi kijana wa mulangoni, nakuona hapo. Jibu yako: ndiyo, kula karanga, ni mafuta mazuri. Usisimame. Sijamaliza. Ni mafuta. Kijiko ya chai, na kitu kingine kitoke.

Sasa mwende mupeleke hii habari kwa dada zenu, kwa bale ba Luvungi, kwa benye habakufika leo. Museme jina yangu ao musiseme, sijali. Mucheke vile munataka. Lakini nabaomba moja: mukifika kwa «mafuta mazuri» na muntu akisimama kuondoka, mumushike nguo, mpaka asikie na nusu ya pili.