Padre Gilhooly na Nyumba za Mtaa wa Carver

Mhashamu Baba Askofu, Padre Mkuu wa Wajesuiti wa kanda yetu, wajumbe wa bodi, walimu wenzangu, wanafunzi, ndugu wageni waalikwa:

Tangu nisimame, Padre Gilhooly ameshautazama mlango mara kadhaa. Padre, vumilia. Nitakusifu kidogo tu, kisha tutakuachia uende.

Wengi mnamjua kama rais wa chuo chetu hiki cha Ohio. Mimi nilimjua mwaka 1969, akiongoza chuo kingine, nami nikiwa mwanafunzi niliyeketi sakafuni ofisini mwake pamoja na wenzangu, tumegoma. Chuo kilitaka kubomoa nyumba za majirani weusi wa Mtaa wa Carver, ng'ambo ya barabara, kijenge uwanja wa mpira, na yeye alikuwa ameshakubali. Polisi walijaa ngazini. Akaingia peke yake.

"Haya, msemaji wenu nani?"

Akasimama Delphine Broussard, ambaye bibi yake aliishi mtaani humo. "Padre, umewahi kuingia hata nyumba moja kati ya hizo?"

"Sijawahi."

"Basi unavunja usichokijua."

Tulidhani atafoka. Akachukua kofia yake. "Nipeleke kwa bibi yako."

Bibi alimpokea mlangoni: "Kumbe na nyie huwa mnavuka barabara? Haya, kaa ule." Akala maharage na mkate wa mahindi, akasikiliza mchana kutwa. Aliporudi, alimwambia mwenyekiti wa bodi mbele yetu, "Sitii sahihi. Na hao polisi waende zao."

"Ambrose, utakosa kiti cha urais," mwenyekiti akamwonya.

"Kiti ni chenu. Kichukueni."

Wakakichukua kabla ya Pasaka. Je, alishinda? Nyumba ya bibi ilibaki. Nusu ya mtaa ilibomolewa. Sisi tuliomwona hapa, miaka yote hii, akigonga milango ya majirani kabla ya kutia sahihi jambo lolote, tulidhani ni tabia tu. Siku moja nikampongeza kwa zile nyumba zilizosalimika. "Hizo hazininyimi usingizi, Rosemary," akanijibu, akaondoka.

Na sasa, anapoachia urais akiwa na miaka sabini na minne, ameomba mwenyewe apelekwe gerezani kufundisha wafungwa kusoma. Jana nilimuuliza, "Padre, utapumzika lini?"

"Mkinizika," akasema. "Na hata hapo, msifukie haraka."

Padre, tunakushukuru. Nanyi nyote, asanteni kwa masikio yenu na subira yenu.