Mpishi Aliyetaka Kuwa Mtalii

Kwenye basi dogo la kwenda Cachora, mji wa milimani huko Peru, niliketi nyuma ya watu wawili wasiojuana, ambao tayari walikuwa wanabishana kama mtu na shemeji yake.

"Mama, miaka kumi na tisa nawapikia watalii njia ya Choquequirao," alisema mzee, shavu limejaa majani ya koka. "Lakini magofu yenyewe ya mababu sijayaona! Wenzangu wakipanda kuyaangalia, mimi niko kambini namenya viazi. Sasa binti yangu Nayda kapata kibali cha kuongoza watalii, na mtalii wake wa kwanza ni mimi. Siku nne mlimani! Yeye mbele, mimi nyuma napiga picha."

Yule mama, aliyepakata ndoo ya jibini, alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Mpishi apikiwe? Siku ya kwanza tu utamnyang'anya mwenzio mwiko."

"Nimeapa. Sufuria siigusi, mzigo sibebi. Nikichoka nakaa chini nauliza, 'Bado mbali?' kama wao."

"Huwezi, baba."

"Naweza!"

Mimi nilikuwa upande wa mzee. Furaha yake ilinisahaulisha bonde lililokuwa linatukodolea macho chini ya dirisha.

Basi likasimama. Kabla vumbi halijatulia, mzee alikuwa juu ya paa anafungua kamba za mizigo, kisha akashuka na gunia la yule mama mgongoni.

"We mtalii!" mama akamwita. "Unapeleka wapi viazi vyangu?"

Hakusikia. Begi langu nalo alikuwa amelikumbatia kifuani.