Sahani ya Kumi na Mbili: Bi. Sabra Khalfan na Kitongoji cha Bir Luwai

Bi. Sabra Khalfan anastaafu tarehe 31 Machi 2016, baada ya miaka thelathini ya kazi chini ya paa moja. Paa ni lile lile. Kilichobadilika ni mji, ambao umelifuata mpaka ukalizunguka.

Alipofika kutoka Wete mwaka 1986, Bir Luwai kilikuwa kitongoji cha peke yake kwenye njia ya Al Wukair, na ukisema unakwenda Doha watu walikuagiza vitu. Palikuwa na Nyumba Kubwa yenye mnara, kisima, msikiti mdogo na nyumba za majirani. Sabra aliajiriwa jikoni katika Nyumba Kubwa. Mwaka 1999 familia ilihama na jengo likafanywa makumbusho. Majirani walipewa viwanja Al Wukair, na kufikia 2008 matingatinga yalikuwa yamemaliza kazi. Leo ukipanda mnarani unaona maduka ya matairi na barabara ya njia sita. Sabra alikabidhiwa funguo, akawa mtunza nyumba na mkaribisha wageni.

Waliofanya kazi naye wanajua kwamba hapendi kiatu kilichoingia sebuleni wala kahawa iliyopoa. Nahashon, mlinzi wetu kutoka Kisii, siku yake ya kwanza alikunywa vikombe tisa mfululizo. Hakuna aliyemwambia kwamba huku mtu akitosheka hukitikisa kikombe, naye kwa adabu za kwao hakuweza kumkatalia mama mtu mzima. Sabra aliendelea kumimina, akisubiri. Kwenye cha tisa akamuuliza, "Mwanangu, kwenu hakuna maji?" Tangu hapo ni mtu na mwanawe.

Lakini kazi yake kubwa haimo katika barua ya ajira. Mwaka 2009 ofisi ilitaka kuweka jiwe mahali pa kila nyumba iliyobomolewa. Hapakuwa na ramani. Wazee tuliowafuata Al Wukair kila mmoja alikumbuka mlango wake tu. Sabra akasema nyumba zote anazo miguuni. Kwa miaka kumi na mitatu, kila Ramadhani kabla ya Magharibi, ndiye aliyepeleka sahani za harisi, ile ngano ya kupondwa na nyama ambayo yeye mpaka leo huiita bokoboko, kutoka Nyumba Kubwa hadi kwa kila jirani. Sahani hazikurudi tupu. Huyu alirudisha tende, yule kaimati, na asiyekuwa na kitu alitia majani ya mnanaa.

Aliomba sahani kumi na mbili. Akatembea juu ya kifusi kwa mwendo wake wa zamani, Nahashon nyuma yake akizibeba.

"Mama, hapa ni parking, si kwa mtu," Nahashon alilalamika kwenye ya mwisho.

"Weka sahani. Hapo mlango ulikuwa ukinikwaruza kiwiko kila mwaka."

Ya kumi na mbili ilikuwa ya marehemu Bibi Moza, mjane aliyefuga mbuzi, yule wa mnanaa.

Hapa sina budi kuandika habari zangu kidogo, kwa sababu bila hizo wasifu huu utakuwa wa uongo. Mimi ndiye niliyekuwa karani wa kumbukumbu, na kile kijitabu cha historia ya Bir Luwai mnachokiuza mlangoni nilikiandika mimi. Nilikuwa na orodha ya wenye nyumba, wote wanaume, kumi na mmoja. Moza hakuwamo. Niliiamini karatasi kuliko sahani. Nikachora nyumba kumi na moja, nikaweka jina langu juu ya ramani, na Sabra nikamwandika "mmoja wa wafanyakazi".

Yeye hakunyamaza. Kila alipozungusha wageni alisimama mahali pasipo na jiwe, akasema hapa ni kwa Bibi Moza. Mwaka 2011 alipewa barua ya onyo kwa kutoa maelezo yasiyothibitishwa, doa pekee katika faili lake. Barua hiyo niliitunga mimi. Aliisoma, akaikunja, na kesho yake akasimama pale pale.

Mwaka 2013 mafundi wa bomba walichimba mahali hapo, wakakuta kizingiti cha jiwe na tanuri la mkate. Niliitwa, nikaviona. Nilijua ni nini. Niliandika "mawe yasiyojulikana", wakafukia. Sikudanganywa wala sikuchanganyikiwa. Niliona haya kukosolewa na mtu wa jikoni, mimi niliyesoma.

Daktari ameshaniambia yangu bila kuzunguka, kwa hiyo mwezi Februari nilimwandikia mkuu wa makumbusho yote haya. Barua ya onyo imeondolewa failini. Kizingiti kimefukuliwa, na jiwe la kumi na mbili litawekwa siku ya kuagana. Kuhusu kuchapa kijitabu upya sijajibiwa. Ghalani zilibaki nakala mia mbili na kumi na mbili. Loice wa mapokezi ananiletea ishirini ishirini nyumbani kwa binti yangu, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, nami nazisahihisha kwa kalamu: naongeza nyumba, nafuta jina langu, naandika la Sabra. Maandishi yanasomeka. Nimefika mia moja na sitini. Nitazimaliza.

Nilipompigia simu kumwomba radhi, alisema, "Mwalimu, mimi nimekusamehe. Kwa Moza, kamuombe mwenyewe, utatangulia kumwona." Akacheka, nami nikacheka.

Bi. Sabra, wenzako wa Bir Luwai tunakushukuru kwa miaka thelathini, na kwa kusimama pale tulipokukataza. Siku ya kuagana utaiweka sahani ya kumi na mbili mahali pake kwa mkono wako. Kisha Nahashon atakurudishia uende nayo Wete. Ndani yake utakuta nakala ya kwanza iliyosahihishwa, na juu yake majani ya mnanaa. Uende kwa heri na afya, na nyumba yako isikose jirani.

Mwalimu Athumani Shekuwe
Karani wa kumbukumbu, 2002–2014