Alichosema Yule Mama

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, ukutani kwa duka la fundi cherehani, upande ambao kivuli hufika mapema. Wenye benchi ni watatu. Yupo Breki, dereva mstaafu wa malori, ambaye huleta kahawa kutoka kwake ndani ya chupa ya chai na hakubali mtu mwingine aimimine. Yupo Wakili, ambaye hakusomea sheria hata kidogo. Alikuwa tarishi mahakamani miaka mingi, akatoka huko na koti jeusi na ubishi. Na yupo Sauti, anayetafsiri filamu kwenye banda la video nyuma ya soko: watu wanatazama picha, yeye anakaa pembeni ya runinga na kipaza sauti, anawaeleza kinachosemwa. Fundi mwenyewe hakai benchini. Anakaa kwenye cherehani yake mlangoni, masikio yakiwa benchini na macho kwenye pindo. Wote wanamwita Baba Mapacha. Walianza kumwita hivyo wasichana wake wawili walipozaliwa, na baada ya mmoja kufariki kwa homa, msimu wa mvua uliopita, hakuna aliyejua jina jingine la kumwita.

Siku hiyo hoja ilikuwa filamu ya jana. Ilikuwa ya kizamani, isiyo na rangi, inayotisha bila damu wala panga. Mwanamke aliyefiwa na mtoto, ndani ya nyumba kubwa, kila jioni anaweka kiti mbele ya mlango wa chumba kitupu, anakaa, anazungumza na mtu asiyeonekana. Mumewe anahangaika naye weee, mwisho anaita gari la hospitali ya wagonjwa wa akili. Fundi naye alikuwepo bandani, amejibanza nyuma. Lile gari lilipofika getini, aliinuka akatoka. Hakuona mwisho.

Na mwisho ndio alioutaka leo. Jioni hii hii shemeji yake alikuwa anakuja na gari kumchukua dada yake, ampeleke kwao, akapumzike huko mpaka akili itulie. Wanaume wawili walikwisha kubaliana kwenye simu. Benchi halikuwa na habari. Lilijua msiba, halikujua kwamba tangu msiba ule, giza likiingia, mkewe hukaa kitandani na Mdogo, pacha aliyebaki, na Fundi akiwa upande wa pili wa ukuta humsikia akiongea kwa sauti mbili. Moja ni yake. Nyingine ni nyembamba, na ni ya Mkubwa, yule aliyeondoka.

— Yule mama hakuwa na ugonjwa wowote, alisema Breki akimimina kahawa. Alikosa usingizi tu. Mimi nimewahi kuendesha lori bila kulala mpaka nikampisha ng'ombe barabarani, ng'ombe amevaa miwani. Nikampigia na honi ya heshima.

— Alikujibu? aliuliza Wakili.

— Alinipungia.

— Basi wa kupelekwa kule ulikuwa wewe. Sikilizeni, ile ni kesi, na kwenye kesi unaangalia nani anafaidika. Nyumba ni ya nani? Ya mke. Kaachiwa na baba yake. Picha ya mzee ipo ukutani, na masharubu yake. Sasa mke akitangazwa kichaa, nani anabaki na nyumba?

— Mume, alisema Sauti.

— Sina swali zaidi.

— Wewe huna swali, mimi ninalo, alisema Sauti. Mbona mume alikuwa analia? Analia kwenye ngazi, peke yake, hakuna anayemwona. Mtu wa njama atalia kwa faida ya nani?

— Sisi tulikuwa tunamwona.

— Sisi si watu bwana, sisi ni watazamaji!

Cherehani ilipunguza mwendo. Fundi aliuliza bila kuinua kichwa, kama mtu anayeuliza saa:

— Na walipompeleka, alipona?

— Kumbe ulikuwepo, Baba Mapacha! alisema Sauti. Mbona sikukuona wakati wa kutoka?

— Nilitoka mapema. Kulikuwa na joto.

— Alipona vizuri kabisa, alisema Breki. Mwishoni si amekaa dirishani anatabasamu?

— Kutabasamu ndiyo kupona? Wakili alikung'uta koti lake. Mahakamani nimeona watu wanatabasamu huku wanasomewa hukumu. Yule alikata tamaa. Mtu akishakata tamaa kabisa, uso unapumzika.

Fundi alitazama mshono wake. Ulikuwa umekwenda upande, yeye ambaye hakujulikana kwa mishono ya kwenda upande. Alichukua wembe akaanza kuufumua, uzi kwa uzi.

— Nyote mmepotea, alisema Sauti. Mgonjwa pale ni nyumba. Mama anaondoka, kiti kinabaki mlangoni. Mume anapita, anakuta kiti kimegeuka, kinamtazama yeye. Kimegeuzwa na nani? Ile nyumba imezoea kuongeleshwa. Ikikosa wa kuiongelesha, inachagua mwingine.

— Mbao ikipata unyevu inapinda, alisema Breki.

— Inapinda, Breki, haigeuki ikakukodolea macho!

— Mimi naenda mbali zaidi, alisema Wakili, akasimama kabisa. Mke hayupo. Hakuwahi kuwepo. Mume ndiye mgonjwa, na yote tuliyoyaona yametoka kichwani mwake. Mke, kiti, mtoto, hata mzee wa masharubu.

— Na gari la hospitali lilikuja kubeba nani?

— Hewa. Ndipo inapotisha.

— Hapo umeniacha kwenye kona, mzee, lori langu halipandi huko.

Walicheka mpaka kahawa ya Sauti ikamwagikia goti. Breki alipomaliza kucheka alifuta macho, akasema kwa upole, kwa kuwa alikuwa mtu wa huruma:

— Lakini yule mume nilimwonea imani. Utakaaje nyumba moja na mtu anayezungumza na marehemu? Mimi ningempeleka mapema, kabla sijaanza na mimi kumsikia.

Wembe ulisimama mkononi mwa Fundi. Hilo ndilo ambalo hakumwambia hata shemeji yake. Siku za karibuni alikuwa anafunga duka mapema, anawahi nyumbani, anakaa kwenye kiti kilichoegemea ukuta, ili ile sauti nyembamba isimpite. Aliogopa kwa ajili ya mkewe, ndiyo. Alijiogopa mwenyewe zaidi.

Simu yake iliita juu ya meza ya kukatia.

— Shemeji, nimeshatoka, ilisema. Mwambie dada afunge mizigo yake, sitaki giza linikute njiani.

— Sawa, shemeji.

— Umeshazungumza naye lakini?

— Nitazungumza naye.

Alirudisha simu mezani, kifudifudi. Alikuwa hajamwambia mkewe neno lolote. Kila asubuhi alijiambia atamwambia mchana, na kila mchana alikuwa na nguo ya mtu.

Wakati huo alifika dada mmoja aliyehamia karibuni nyumba ya kona, na sketi yake ya kazini imekunjwa kwapani.

— Hamjambo jamani. Fundi, pindo limeachia. Nitaweza kuingojea?

— Kaa hapo, dada, ni dakika chache.

Breki alimsogezea nafasi, akampa kikombe kabla hajaomba. Kisha, kwa kuwa mgeni benchini ni masikio mapya, walimsimulia filamu yote, watatu kwa pamoja, huyu akianzia kwenye kiti, yule kwenye urithi, wa tatu akirudi nyuma kurekebisha. Dada alisikiliza, anapuliza kahawa, anamtazama kila anayesema. Walipoishiwa pumzi aliuliza:

— Na yule mama mwenyewe, alisema anaongea na nani?

— Na marehemu mtoto wake, alisema Wakili.

— Anasema yeye?

— Mumewe. Anamweleza daktari, waziwazi kabisa.

— Mimi nauliza yeye. Hakuna aliyemuuliza?

Wakili alirudi kukaa. Breki alimgeukia Sauti.

— Wewe ndiye uliyekuwa unatafsiri. Aliulizwa?

— Aliulizwa, alisema Sauti taratibu. Mwishoni, pale dirishani. Muuguzi anavuta kigoda, anamuuliza. Naye anajibu. Anajibu kirefu sana, ametugeukia sisi.

— Anasema nini?

— Sijui.

— Hujui vipi na kipaza sauti unacho wewe?

— Ndiyo maana sijui! Watu walishaanza kuinuka, nikawahi kuwaaga. Nikasema, wapenzi watazamaji, hapo ndipo mama anachanganyikiwa moja kwa moja, asanteni kwa kuja, kesho tuna ya ngumi. Yeye alikuwa anaongea, na mimi nilikuwa naongea.

— Basi iwashe tena tumsikie.

— Diski ilikuwa ya kuazima. Mwenyewe kaondoka nayo.

Walikuwa wamebishana mchana mzima juu ya mtu ambaye hawakumsikia. Sauti alikuwa anatazama vidole vyake.

Fundi naye alikuwa anaona kitu kingine. Aliona chumba cha daktari, siku alipompeleka mkewe, wamekaa kwenye viti viwili, daktari akimwuliza mkewe: unalala vizuri, mama? Na aliyejibu ni yeye, Fundi. Halali, daktari. Unakula? Hali, daktari, anaongea peke yake. Mkewe alikuwa ameinua uso kama anayetaka kusema neno, halafu akauinamisha, akaanza kukunja ncha ya mtandio wake. Wakati ule alidhani ni dalili ya ugonjwa, akamweleza daktari na hilo pia.

— Dada, alisema, niwie radhi. Sketi yako nitakuletea mwenyewe kesho asubuhi.

Aliondoka na futi yake ya kupimia nguo bado shingoni.

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya duka, upande wa pili wa ua. Mdogo alikuwa uani anaruka kamba aliyoifunga kwenye nguzo, kwa kuwa hakuwa na wa kumshikia ncha ya pili. Mkewe alikuwa kitandani anakunja nguo. Fundi alikaa ukingoni. Alikuwa amemuuliza swali hili mara nyingi, lakini kila mara liliingia na jibu lake kwa pumzi moja: unaongea na nani, hakuna mtu humo! Safari hii aliliuliza, akaliacha.

— Mama Mapacha, jioni pale unaongea na nani?

Mkewe alimtazama muda mrefu. Alikuwa anasubiri lile jibu lililozoea kufuata. Halikuja.

— Na Mdogo, alisema.

Fundi alivua ile futi shingoni, akaiweka pajani.

— Mdogo halali. Anasema upande wa ukutani una baridi. Wao walikuwa na mchezo wao wa kulalia, hukuujua wewe, ulikuwa unachelewa dukani. Mmoja anauliza, umelala? Mwenzake anajibu, bado. Umelala? Bado. Mpaka mmoja asijibu. Baada ya mazishi aliuliza, umelala, akangoja. Akauliza tena. Nikashindwa kuvumilia, nikajibu mimi, bado. Akalia sana. Akasema, mama, si hivyo, yeye hasemi hivyo. Basi nikajaribu kama mwenzake alivyokuwa anasema.

— Mbona hukuniambia?

— Mdogo alinikataza. Alikukuta dukani unalia juu ya kitambaa cha watu. Akasema, usimwambie baba, atalia tena.

Nje kamba ilikuwa inapiga ardhi, tap, tap. Mkewe alikunja gauni dogo, akalikunjua, akalikunja upya.

— Na mimi sasa, alianza, akanyamaza. Hapo ndipo alipozoea kukatizwa. Aliinua macho, akaona bado anasubiriwa. Na mimi sasa nimenasa, Baba Mapacha. Siku hizi Mdogo anapitiwa mapema. Anauliza mara moja tu, analala. Anayeendelea ni mimi. Nauliza, najijibu, nauliza, najijibu. Kama huko ndiko kuchanganyikiwa, basi labda ndiko. Lakini nikinyamaza tu, ni kama wananipa habari ya msiba upya.

Honi ililia upande wa barabarani. Breki alisikika akimkaribisha mtu akae.

— Nani huyo? aliuliza mkewe.

— Kaka yako. Nilimwita mimi. Nilimwita akuchukue.

Hakupiga kelele. Aliliweka lile gauni juu ya mengine, akalinyoosha kwa kiganja, polepole, mpaka likalala.

— Kwa sababu ya ile sauti?

— Kwa sababu ya ile sauti.

— Kwa hiyo ulikuwa unaisikia.

— Kila siku. Nakaa pale ukutani.

Mkewe alimsogelea kidogo, macho yake yakatafuta ya mumewe kama mtu anayetaka kuambiwa ukweli na anauogopa.

— Na inafanana? aliuliza. Mimi mwenyewe sisikii sauti yangu. Inafanana naye?

Honi ililia tena. Fundi hakuinuka.

— Inafanana, alisema. Mno.