Mstari wa Kumi na Saba wa Bi Stara

Tarehe 30 Juni mwaka huu, saa tisa na nusu alasiri, Bi Stara Swalihu atafunga droo yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi. Kamati ya sherehe imeniomba niandike mambo ya kuchangamsha. Nitajitahidi, ila niseme mapema kwamba naandika nikiwa na hofu, na mwenyewe atakuwa wa kwanza kuniambia kuwa hiyo si aibu.

Aliajiriwa Julai 1990, Dar es Salaam, akiwa mpiga chapa wa masjala. Mwaka 1996 nchi za Afrika zilipotia saini Mkataba wa Pelindaba, wa kulifanya bara letu kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, faili lake lilihitaji mtu wa kulifungua, na wakubwa wote walikuwa na shughuli. Bi Stara akaandika jina juu ya jalada, na tangu hapo hakuliachia. Alisoma masomo ya jioni mpaka akawa ofisa. Ofisi ilipohamia Dodoma mwaka 2017, sisi wengine tukilalamikia vumbi na upepo, yeye alikuwa anarudi kwao Makole. Faili alilipakata kwenye basi njia nzima, akakataa katakata lisipande lori pamoja na viti.

Majirani humuuliza kama kweli nchi hii ina bomu. Huwajibu kwamba halina nafasi, analizuia kwa biro moja.

Utani kando, kazi yenyewe iko hivi. Mkataba unakataza bomu, na pia unataka vitu vya nyuklia vya kazi za amani vitunzwe visipotee. Fungu la ofisi yetu ni orodha. Kila chombo chenye mionzi, kiwe cha hospitali, cha kiwanda au cha barabara, kina mstari wake, na kila mwaka lazima mtu aende akakione. Swali la Bi Stara wanalijua hata wafagizi: "Umekiona kwa macho yako, au umeambiwa?"

Tulimwita Bi Hofu, naye aliitika. Asubuhi ambazo redio imetangaza kuwa mataifa makubwa yanatishiana, alifika kabla ya mlango kufunguliwa, akaanza kupitia orodha kutoka mstari wa kwanza. Alisema ya wakubwa hayawezi, bora ajue vyake viko wapi. Tukimcheka alitukumbusha kuwa kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi nilicheka kuliko wote.

Sasa niseme lililo langu. Novemba 2019 alinituma Ihumwa, kwenye yadi ya mkandarasi mmoja wa barabara, nikaone kipima udongo. Ni chombo cha ukubwa wa ndoo, hutumia mionzi kupima kama barabara imeshindiliwa vizuri, na hukaa ndani ya sanduku la njano. Kwenye orodha kilikuwa mstari wa kumi na saba. Jua lilikuwa kali, nikampigia simu mtunza stoo, akasema kipo. Nikaandika "kimeonekana". Februari mkandarasi alipofunga yadi, kipima udongo hakikuwepo, wala sanduku lake.

Tuliambiwa mlinzi wa zamani, Bartolomayo, alirudi kwao Mlali na masanduku aliyoruhusiwa kuchukua. Tulikuta lile la njano chini ya kitanda cha watoto wake watatu, limejaa karanga za mbegu. Bi Stara aliingia na kipimo cha mionzi mkononi. Mimi nilibaki mlangoni. Kipimo kilikaa kimya. Bartolomayo aliapa kuwa alilichukua tupu, na huenda siku nilipopiga simu lilikuwa limeshaondoka. Mkewe, Scolastika, hakutaka habari za kipimo. Alimshika Bi Stara mkono.

"Wanangu wamelala juu yake miezi mitatu," alisema. "Niambie tu, watakufa lini?"

Bi Stara alikaa naye kitandani, akamweleza kwamba sanduku ni safi na watoto ni wazima, na kwamba kosa si la mumewe bali ni la ofisi yetu. Hakunitaja. Miaka sita sasa hajanitaja kwa yeyote, na wengi wenu mnalijua leo kwa kulisoma hapa. Kila Julai hurudi Mlali na kipimo na kilo mbili za sukari. Mtoto wa kwanza ameingia kidato cha kwanza.

Chombo chenyewe hatukukipata. Tuliwafuata wanunuzi wa vyuma chakavu mpaka Morogoro, habari zikaishia hapo. Pengine kimeyeyushwa. Pengine kiko chini ya kitanda cha watoto wengine.

Kila mwaka taarifa ikiandaliwa, anatokea mtu wa kushauri mstari ule uondolewe, eti unatutia doa. Kila mwaka Bi Stara ameandika "hakijaonekana", na taarifa imekwenda hivyo.

Wiki mbili zilizopita alinikabidhi meza. Nilisaini funguo, kipimo, na faili ambalo siku hizi ni majalada kumi na moja. Tulipofika mstari wa kumi na saba aliweka biro chini.

"Lameck, nikishaondoka watakuja na kifutio," alisema. "Utaogopa kipi, wao au kile chombo?"

Jibu nimeliweka humu, kwenye kijitabu hiki cha sherehe, cha nakala mia mbili, ili na meza kuu walisome. Mstari wa kumi na saba haufutwi. Na Julai hii nitakwenda Mlali mwenyewe, nami nitaingia ndani.

Bi Stara anakwenda kuuza vitambaa Makole na dada yake Khairat, na wateja wajiandae, kila mita itapimwa mara mbili. Ahsante, mama yetu, kwa kuogopa kwa niaba yetu miaka yote hii. Tunakuombea afya, wajukuu na usingizi mzuri. Zamu ya kuogopa sasa ni yangu.

Lameck Wambura