Fundi Herufi na Jedwali la Kwenda

Kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Fundi Herufi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa tatu na wa kwanza wa kiume kwa wazazi wetu. Mama alikuwa akisema huyu alichelewa kusema kuliko sisi wote, na hata alipoanza hakuwa na haraka. Tabia hiyo hakuiacha.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya nyumba yetu, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1979 akamaliza chuo cha ufundi katika fani ya simu. Kompyuta zilimkuta kazini, na zikimshika mtu zile hazimwachii.

Mwaka 1984 aliajiriwa ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo. Kompyuta kubwa ilikuwa makao makuu, mbali. Makarani walikuwa na skrini na kibodi tu mezani. Kompyuta ile na mashine za mezani hazikuelewana, kwa kuwa kila moja ilikuwa na namba zake za kuwakilisha herufi. Kazi ya kaka ilikuwa kujaza majedwali mawili katika programu ya mawasiliano, moja la herufi zinazokuja kwenye skrini na jingine la herufi zinazokwenda makao makuu, ili A ya huku iwe A ya kule. Ni kazi ya kuchosha na haina shukrani. Ikienda sawa hakuna anayejua kama ipo; ikiharibika, jina la mtoto linageuka nyota na mabano. Kila zilipoletwa mashine mpya alianza upya. Alistaafu mwaka 2017 akiwa hoi, na hakuficha.

Ofisini huko ndiko alikompata wifi yetu, karani wa dirisha la vizazi. Siku moja kaka alirekebisha jedwali la kuja, akaona majina yanasomeka vizuri kwenye skrini, akafunga mkoba akaenda zake. La kwenda alilisahau. Kesho yake, watoto wote walioandikishwa siku ile walikuwa nyota na mabano. Wifi alimsubiri mlangoni, mikono kiunoni.

"Fundi, mashine yako inasikia, kujibu haijui. Imekufuata wewe."

Kaka alifungua mkoba. Alikaa akatengeneza, na tangu hapo hakuondoka kwenye meza ya mtu kabla karani hajaandika neno, akalituma, kisha akaliita lirudi. "Imefika?" alikuwa akiuliza. "Imefika, na imerudi nzima," wifi alikuwa akimjibu. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1986, na maneno yale wakayahamishia nyumbani, hata mtu akiombwa chumvi mezani.

Februari mwaka jana kaka alipata kiharusi. Alisikia kila kitu, lakini maneno hayakutoka tena. Wifi alimwogesha, akamlisha, akamgeuza, akawa analala kwenye kiti. Tusidanganyane hapa: alichoka, nasi tulichoka. Zilikuwepo siku alizompigia kelele, kisha akaenda kulia jikoni. Aliogopa jambo moja tu, kwamba mumewe angeondoka na zile kelele moyoni.

"Namwomba msamaha kila siku, wifi," aliniambia. "Sijui kama inafika."

Jumanne, tarehe 3 Juni mwaka huu, baada ya kumbadilishia shuka, wifi alikaa kando yake kitandani. "Mzee wangu, zile kelele zilikuwa uchovu tu. Nisamehe. Imefika?" Kaka alimgeuzia macho. Kisha akauinua mkono wake uliokuwa bado mzima, akamfuta machozi, shavu hili na lile, taratibu kama alivyofanya kila kitu. Alifariki alasiri ileile, wifi akiwa bado ameushika mkono huo.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wajukuu watano na sisi dada zake watatu.

Wifi ameomba maneno ya mwisho yawe yake, nami nayasoma kama alivyoniambia: Mzee wangu, pumzika sasa. Imefika, na imerudi nzima.