Beji ya Mzee Baltazar

Basi lilikuwa halijafika mbali kutoka Songea Lidwina alipoacha kusoma gazeti lake, ingawa aliendelea kulishika. Kwenye kiti cha mbele yake, mama mmoja alikuwa anamweleza mzee aliyeketi naye kwamba binti yake ameanza kazi ya kupiga eksirei, na yeye mama hapati usingizi kwa kuiogopa hiyo mionzi.

"Ondoa shaka, mama. Baltazar huyu amepiga picha hizo miaka tisa," mzee alisema, akionyesha beji ndogo kifuani. "Hii inapima mionzi niliyopata. Kila miezi mitatu inapelekwa Arusha kusomwa, na majibu yanarudi safi."

Mama akashusha pumzi. Lidwina, asiye na binti wala eksirei, akashusha yake.

"Kumbe huivui hata safarini?"

"Safarini naivaa, kanisani naivaa. Nikiingia chumba cha picha ndiyo naitundika nje. Mali ya serikali hii, nimeisainia. Ikiharibiwa na mionzi nitajibu nini?"

Mama akamgeukia. "Sasa baba, miaka yote tisa imepima nini?"

Basi likasimama njia panda ya Hanga. Mzee akaipangusa beji kwa leso, akashuka ametulia kabisa. "Mwambie binti na yeye aitunze hivi hivi."